Waliopita Latema Gizani

"Zima tochi," Mwalimu akasema.

Mwezi ulikuwa umeshazama. Ile nusu iliyotusindikiza tangu tulipoacha barabara ilikuwa imeteremkia upande wa Tanzania, ukabaki weupe hafifu kwenye ukingo wa kilima, kisha nao ukaisha. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe lililokuwa bado na joto la mchana, mkono mmoja umeshika tochi, wa pili ukichomoa miiba kwenye soksi.

"Nikizima nitaonaje pa kukanyaga?"

"Nani amekwambia ukanyage? Kaa."

Nikazima.

Kwa muda sikuona kitu, hata mkono wangu mwenyewe. Halafu nyota zikaanza kujitokeza kwa mafungu, zikafuata taa za Taveta, na upande wa pili taa za ng'ambo ya mpaka. Kilima chenyewe hakikuonekana. Tulikuwa tumekikalia na bado ni kama hakikuwepo.

Ndipo nikasikia mawe yakiporomoka chini yetu.

Ni wiki kadhaa sasa. Nimeandika mambo mengine, nimeshughulika na kazi, nimesahau hata ile miiba. Mawe yale sijayasahau, wala neno ambalo Mwalimu aliniambia baada yake. Nimejaribu kumjibu kichwani kila nikiwa njiani, na kila jibu nililolipata lilikuwa na kasoro. Naandika hapa ili nione kama likiwa kwenye maandishi litasimama.

## Ukipanda mchana

Mwalimu ndivyo anavyoitwa na kila mtu, hata wasiowahi kukaa darasani kwake. Anafundisha historia sekondari, na ana tabia ya kukukatiza ukisema "inasemekana". Nilipomwambia nataka kupanda Latema, kilima kilicho karibu na Taveta kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, alikubali haraka, kisha akakataa kwa haraka ile ile niliposema tupande asubuhi.

"Ukipanda mchana unakuwa jenerali," alisema. "Unaiona Salaita kule, unauona mlima, unaanza kunyoosha kidole: hawa wangepita huku, wale wangezunguka kule. Waliokuja kufa hapa hawakuona hivyo."

Akachagua na mwezi. Vita ya Latema na Reata, Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, ilipiganwa usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 1916, na ukihesabu mwezi kurudi nyuma unakuta usiku ule ulikuwa nusu, ule unaokutwa juu jua likizama na kuondoka karibu na saa sita usiku. Kwa hiyo walianza kupanda wakiwa na mwanga kidogo na kuendelea bila mwanga wowote. Mwalimu alitaka tuupate mwezi ule ule. Nilimwona mtu wa vituko. Sasa nadhani ni njia ya kusoma ambayo ningependa kuiona mashuleni, ingawa sijui mwalimu mkuu gani angeweka saini.

Kule Marekani, Gettysburg ina minara na vibao vya kumbukumbu zaidi ya 1,300, na usiku inafungwa. Latema haina cha kufungwa. Tulimjulisha chifu, tukamwuliza mzee mmoja anayelima karibu kuhusu tembo, akatuambia tembo wakitoka Tsavo hawafuati ratiba ya mtu, na ushauri wake wote ukawa huo.

Kupanda kwenyewe sitakueleza sana. Ni mawe yanayogeuka chini ya kiatu na vichaka vya miiba vinavyokushika nguo, na ukisimama kupumua unagundua ulikuwa ukipiga kelele nyingi kuliko ulivyodhani. Nilijaribu kutembea kimya. Haiwezekani. Fikiria mamia ya watu wenye buti, bunduki na singe wakijaribu jambo hilo hilo.

Hatukufika kileleni. Tulikaa begani mwa kilima, juu ya mwanya unaotenganisha Latema na Reata, kwa sababu mwanya ndio uliokuwa ukigombewa. Njia ya kwenda Kahe, Tanzania ya leo, ilipita hapo.

## Vita iliyoshindwa na wote wawili

Ya mwanzo mnayajua: Wajerumani kuishika Taveta Agosti 1914, Waingereza kuwafuata kwa reli kutoka Voi, na kichapo walichokipata Waingereza kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916. Salaita ndiyo husimuliwa zaidi, na nadhani ni kwa sababu ina kichekesho ndani yake. Mizinga ilitwanga kilele cha kilima, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, vichakani. Wanajeshi wapya wa Afrika Kusini, waliokuwa wakiwadharau Wahindi na Waafrika, walirudishwa mbio, na waliosimama kuwakinga wakati wakirudi ni kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka India.

Latema haina kichekesho, labda ndiyo maana inasahaulika.

Mwezi mmoja baadaye Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuwa ameshakuja kuchukua uongozi wa majeshi ya Waingereza. Alizunguka kwa kaskazini, Wajerumani wakaiacha Salaita, wakaiacha Taveta, wakajipanga kwenye vilima hivi chini ya Meja Kraut. Tarehe 11 Machi, mchana wa jua kali, Baluchi na batalioni ya tatu ya King's African Rifles (KAR), askari Waafrika wa Mwingereza, wakapandishwa Latema. Wakakwama. Kanali Graham wa KAR akauawa. Kikosi cha Rhodesia kikaongezwa, wengine wakafika juu, wengi wakasukumwa chini. Jenerali Malleson aliyekuwa akiongoza akasema anaumwa, Jenerali Tighe akashika nafasi yake.

Giza lilipoingia wakatumwa wale wale wa Salaita, batalioni ya tano na ya saba za Afrika Kusini, wapande kwa singe.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kanali Byron wa batalioni ya tano aliingia mwanyani usiku wa manane, akatazama nyuma, akakuta amebaki na watu kama ishirini. Risasi zinatoka pande zote mbili za vilima. Akarudi. Alijua ameshindwa, na Tighe alipopata habari akajua hivyo pia. Smuts akaamuru majeshi yavutwe nyuma kabla ya kupambazuka.

Wakati huo huo Wajerumani nao walikuwa wanaondoka. Jeshi la Smuts lilikuwa likiwazunguka, na usiku ule wakaanza kuvuta watu wao kuelekea Kahe.

Kulipopambazuka wapelelezi wa Waingereza walikuta watu wao wenyewe bado wako juu ya vilima. Kanali Freeth na Meja Thompson wa batalioni ya saba, pamoja na vikundi vya Rhodesia na KAR, walikuwa wameng'ang'ania huko usiku kucha bila mawasiliano na yeyote. Nafasi za Wajerumani zilikuwa tupu.

Yaani kwa saa kadhaa vilima hivi vilikuwa mali ya watu wachache wasiojua kuwa ni vyao.

Asubuhi ikaandikwa kuwa ni ushindi. Upande wa Waingereza peke yake, waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikuwa kama 270.

## "Nani huko?"

Kuna jambo ambalo vitabu vya vita hii hulipita haraka. Kwenye mteremko ule, askari wa KAR na askari wa Mjerumani, Waafrika kwa Waafrika, walielewana lugha. Kiswahili kilikuwa kwenye kambi zote mbili, cha askari kwa askari, cha askari kwa mpagazi, na mara nyingi cha afisa mzungu mwenye kubabaisha kwa wote hao. Sasa weka hilo gizani. Umejibanza nyuma ya jiwe, umesikia kijiti kikivunjika hatua chache mbele yako, ukauliza "Nani huyo?" Ukajibiwa kwa Kiswahili safi. Umejua nini? Hujajua kitu. Wazungu kwa Wazungu walitenganishwa na Kiingereza na Kijerumani. Askari hawakuwa na hata hicho.

Nilikuwa namwambia Mwalimu hayo kwa kunong'ona, na najua nilikuwa nimeanza kunogewa, pale mawe yalipoporomoka.

Akanishika goti.

Yakaporomoka tena, karibu zaidi. Nilifikiri tembo, nikakumbuka kuwa tembo hakohoi. Kulikuwa na mtu anakohoa. Kisha nyayo, nyingi, zikija kutoka upande wa Taveta kwa mstari mmoja, bila tochi hata moja. Nilijua wamebeba mizigo kabla sijaona lolote, kwa sababu mtu asiye na mzigo hakanyagi namna ile. Hatua zilikuwa fupi, nzito, zenye uhakika. Hakuna aliyejikwaa. Mimi nilikuwa nimejikwaa tangu barabarani.

Mwalimu akakohoa kikohozi cha mtu anayebisha hodi.

Nyayo zikasimama zote kwa pamoja.

"Nani huko?" Sauti ya mwanamke, si ya kijana.

"Watu wema, mama. Tunapumzika."

"Mnapumzika mlimani usiku huu?"

"Ndiyo, mama."

Kimya. Mtu nyuma akasema jambo ambalo sikulisikia, wakacheka kidogo.

"Haya, pumzikeni salama."

"Nanyi mfike salama."

Wakapita. Ilichukua muda mstari kuisha. Mmoja alitusalimu kwa jina la Mungu, mwingine akapiga mluzi mfupi, na wa mwisho alikuwa akihema kwa shida. Wakaingia mwanyani, upande wa Kahe, tukabaki tukiwasikia mpaka tusiwasikie.

Kila aliyeishi mpakani anazijua njia za panya. Hatukuuliza wamebeba nini. Si adabu, na haikutuhusu.

## Usiwafanye mashairi

Naamini mtu yeyote anayeandika angesema nilichosema. Nilisema: "Umeona? Wapagazi. Wale wale, mahali pale pale, gizani."

Nilidhani Mwalimu atafurahi. Yeye ndiye aliyekuwa akinieleza tangu mchana habari za wapagazi, kwamba vita hii ya Afrika Mashariki ilibebwa vichwani.

Alikaa kimya, kisha akasema: "Ndugu yangu, usiwafanye mashairi."

"Kivipi?"

"Hawa wameamua. Kesho mama yule akisema hapandi, hapandi. Ana mzigo wake, faida yake, na polisi wake wa kumkwepa. Wale wa 1916 walikamatwa. Ukiwaweka pamoja kwa sababu wote wana mzigo na wote wako gizani, umempunguzia aliyewakamata dhambi."

Sikuwa na la kujibu. Tukateremka. Njia nzima nikawa najitetea moyoni: umaskini nao hukamata watu, mama wa umri ule habebi gunia usiku wa manane kwa hiari tupu, mpaka wenyewe umechorwa na wale wale. Yote kweli. Lakini nilijua nimelisema lile neno kwa sababu lilinoga, si kwa sababu nilikuwa nimelifikiria, na Mwalimu alilinusa hilo kama mama anavyonusa ugali unaoungua akiwa chumba cha pili.

Kwa hiyo nikaanza kutazama tofauti kati ya hawa na wale, badala ya kufanana kwao.

## Mzigo unaojila wenyewe

Chukua hesabu ya darasani. Mpagazi mmoja amebeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20. Kinachofika ni kilo tano. Ili kufikisha kilo 25 za askari unahitaji wapagazi watano, na ukiongeza mwendo mpaka siku kumi na tatu kwenda na kumi na tatu kurudi, haifiki hata punje. Mzigo umejila.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa vita baada ya Latema, majeshi yalipoiacha reli na kusukumana kusini kuelekea Rufiji na zaidi. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yalizama kwenye matope. Kila hatua mbele ilidai watu wa kubeba chakula cha watu wa kubeba chakula. Idadi ya wapagazi ilipanda mpaka mamia ya maelfu, kwa sababu hesabu yenyewe haikuwa na mwisho.

Watu hao hawakujitolea. Sheria ya 1915 katika Kenya ya wakati ule iliruhusu kuwachukua kwa lazima, na machifu wakapewa idadi ya kujaza. Waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yakawaua. Kuhara damu, malaria na nimonia ziliwaua wengi kuliko risasi. Kwa hesabu rasmi, kutoka Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo ni ndogo. Mishahara ya wengi wao haikufika kwa jamaa zao.

Na upande wa Mjerumani? Kampuni moja ya Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, askari wapatao 160, ilienda na wapagazi kama 250. Maana yake usiku ule Kraut alipoondoka Latema, waliokuwa wengi kwenye njia ya Kahe hawakuwa wenye bunduki. Bombomu, yaani bunduki za rashasha, masanduku ya risasi, sufuria na machela za majeruhi zilikwenda juu ya mabega na vichwa vya watu waliokuwa wakipita mwanya huo gizani, bila tochi, kimya.

Nilipofika hapo nikajikuta nimerudi kule kule nilikokatazwa.

## Asubuhi makaburini

Tulienda kwenye makaburi ya kijeshi ya Taveta siku iliyofuata, macho yakituuma kwa usingizi. Pamefyekwa vizuri, mawe meupe yamenyooka, na vijana wa Afrika Kusini wamelala hapo kwa jina, cheo, kikosi na tarehe. Nilisoma mengi. Wengine walikuwa na umri wa wanafunzi wa Mwalimu. Sina ugomvi na mawe yao, na ningependa yaendelee kufyekwa.

Lakini ilinijia nikiwa hapo kwamba usiku, tochi ikiwa imezimwa, nilipojaribu kuwaza vita nilimwaza Byron. Byron na watu wake ishirini. Giza lilinipa ruhusa ya kumwaza yeyote, na mawazo yangu yakaenda moja kwa moja kwa mwenye jina, kwa sababu ndiye niliyepewa. Hata nikitaka kumwaza mpagazi mmoja aliyekuwa Latema usiku ule, sina pa kuanzia. Nina idadi tu.

Kukosekana kwa majina hakukutokea kwa bahati mbaya. Tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilikiri hivyo yenyewe mwaka 2021, katika ripoti iliyosema kuwa waliokufa wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hasa kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Ilikuwa ni sera: Mzungu apewe jiwe lake, Mwafrika apewe sanamu ya jumla. Ndiyo zile za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambazo wengi wetu tumezipita tukiwahi basi. Kwenye ile ya Nairobi mpagazi yupo, amesimama pamoja na wenye bunduki, na hana jina, kama wenzake.

Hoja iliyotolewa wakati ule ni kwamba kumbukumbu hazikutosha, na kwamba wenyeji hawakuwa na desturi ya mawe ya kaburi. Sawa. Lakini vita ilipokwisha, serikali ile ile ilianza kumvisha kila mwanaume Mwafrika wa Kenya kipande shingoni, kikiwa na jina lake na alama za vidole vyake, ili akitoroka kazi kwa mzungu apatikane. Uwezo wa kuandika majina ulikuwepo. Ulisubiri sababu iliyowapendeza.

Mwalimu aliposikia hilo alitikisa kichwa na kusema litakuwa swali la mtihani.

## Kosa la kujua njia

Jibu langu kwake lilikuja baadaye, na lilitoka Kasigau.

Agosti 1915 Waingereza waliwakusanya watu wa Kasigau, kusini mwa Voi, wakawahamishia Malindi. Wajerumani walikuwa wameshambulia kituo cha Kasigau, na wenyeji wakashukiwa kuwa waliwaonyesha njia. Vijiji vikabaki vitupu. Wengi walikufa huko pwani, kwa njaa na magonjwa, na waliobaki walikaa uhamishoni miaka mingi baada ya vita yenyewe kwisha.

Soma tena shtaka: kuonyesha njia. Vita hii ilipiganwa na watu waliokuja kutoka Pretoria, Berlin, Quetta na Salisbury (Harare ya leo), wasiojua kilima kilipo mpaka wajigonge nacho. Salaita walipiga kilele kitupu. Latema walipotezana usiku kucha. Wakati wote huo walikuwepo watu wanaozijua njia hizi usiku na mchana, na jeshi lilikuwa na namna mbili tu za kuwatazama. Anayejua njia ni wa kubebeshwa, au ni wa kushukiwa. Haikuwepo namna ya tatu.

Ndipo nikaona kilichonishtua kuhusu mstari ule wa watu. Mzigo nilidhani ndio, lakini wapo wenye mizigo kila mahali. Kilichonishtua ni kwamba hawakujikwaa. Sisi tuliokuja na vitabu, tochi na hesabu ya mwezi tulikuwa wageni pale, na mama yule alipouliza "Nani huko?" aliuliza kwa haki kabisa, kama mtu anayeuliza aliyekaa barazani kwake. Na mchana ukifika, kujua kwake njia ile kunamfanya mshukiwa. Wenye mamlaka wamebadilika, bendera zimebadilika, na bado mtu anayepita Latema gizani bila kujikwaa ni mtu wa kukamatwa.

Hapo naona uzi kati ya hawa na wale ambao hauhitaji mashairi. Haumpunguzii dhambi aliyewakamata wapagazi. Unamwongezea nyingine.

Nilimpigia simu Mwalimu nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida.

"Hiyo nakubali," akasema. "Nusu."

"Nusu gani?"

"Nusu ya Kasigau. Ile ya magendo, ukimwandikia hakimu hatakuelewa." Akacheka. "Na mama yule naye, ukimwambia yeye ni mwendelezo wa historia, atakuuliza kama utamsaidia kubeba."

Ni kweli angeuliza. Na sijui ningejibu nini, kwa maana gunia la kilo 25 sijawahi kulipandisha hata ngazi za ghorofa moja.

Kuna jambo moja ambalo bado tunabishana. Mwalimu anataka kuwapeleka wanafunzi wake pale juu ya mwanya, Machi, mwezi ukiwa nusu, wakae tochi zikiwa zimezimwa kisha waandike wanachosikia. Mimi nasema wapelekwe kwanza kwa wazee wa vijijini, kwa sababu zipo nyumba ambazo babu wa babu aliondoka na hakurudi, na jina lake bado linapewa watoto. Majina ambayo tume inayatafuta mengine yako kwenye rejista ya darasa lake, yakiitwa kila asubuhi. Yeye anasema usiku kwanza, wazee baadaye, kwa kuwa mtoto asiye na swali hamsikilizi mzee. Mimi naona mtoto asiye na jina la kulitafuta atakaa gizani akiogopa nyoka tu.

Kwa sasa barua iko kwa chifu. Nakala imepelekwa kwa wazazi, na majibu yameanza kurudi. Wengi wameuliza kuhusu tembo. Mzazi mmoja ameandika kuwa hana pingamizi, ila anaomba darasa lisipite njia ya mwanyani baada ya mwezi kuzama, kwa sababu, anasema, huko kuna watu wanafanya kazi.